Boti mpya au ya promo: kisa cha shemeji na zile saa 138

Shemeji yangu anaishi Florida ya kati, upande wa Polk County, kule ambako ukitupa jiwe linaangukia ziwani, na tangu watoto wake waanze kuskii majini, yani kuteleza juu ya maji wakivutwa na boti, nyumba yao imekuwa ni kamba, skii na taulo mbichi kila asubuhi. Boti yao ilikuwa ya 2009, injini imeshapiga saa zaidi ya 1,100 za kazi, inaamka vizuri tu ila viti vimechanika, nyaya za dashibodi zinasumbua na ule mfumo wa kushika spidi unakata mtu akiwa katikati ya maboya. Mwaka 2024 kiangazi kinaisha yeye na familia mbili wanaotumia nao ziwa wakasema basi, tununue nyingine, na ndipo nikaitwa mimi kwa sababu siku nyingi mimi ndiye ninayeshika usukani wakiteleza.

Dila, yani wakala anayeuza boti za kampuni, aliwapa karatasi mbili. Ya kwanza boti mpya kabisa ya kuagiza kiwandani, modeli ya 2025, rangi unachagua mwenyewe, na trela lake, dola 142,000, unalipa kianzio na unasubiri mpaka mwezi wa tatu hivi. Ya pili boti ya promo, kampuni hiyohiyo, umbo lilelile, injini ileile V8 ya lita 6.2, saa 138, ipo tayari, dola 120,500 na trela. Tofauti dola 21,500. Shemeji alinipigia usiku uleule, sauti yenyewe inakuambia ameshaamua, "Shem, elfu ishirini na moja kwa saa mia na kitu tu, hapo kuna cha kufikiri kweli?"

Nikamwambia kipo, tena kingi, tulia kwanza.

Kwa wasiojua boti za promo ni kitu gani nieleze kidogo, maana wengi wanadhani ni boti ya maonyesho iliyokaa ukumbini watu wanapigia picha. Hapana. Marekani boti za kuvuta mashindano ya skii kwa miaka hii zinatoka hasa kwa kampuni tatu, Nautique wana kiwanda Orlando, MasterCraft wako Vonore na Malibu wako Loudon, hao wawili wote Tennessee. Boti haiingii tu kwenye mashindano ya USA Water Ski, chama cha mchezo huu Marekani, kwa sababu inakimbia, inapimwa kwanza ikubalike, na kampuni inataka boti yake ionekane kila jumamosi kwenye kila ziwa lenye mashindano. Sasa kampuni haiwezi kumiliki mamia ya boti nchi nzima, kwa hiyo inatafuta watu, mara nyingi waskii wazuri au madereva wa mashindano, inawauzia boti kwa bei ya chini kupitia dila, na kwa kubadilishana mtu huyo anaahidi kuipeleka mashindanoni, kuwapandisha watu waijaribu, kuitunza ing'ae. Msimu ukiisha anatakiwa aiuze ili achukue ya mwaka unaofuata. Huo ndio mzunguko, na ukiuelewa huo umeelewa nusu ya kisa hiki, kwa sababu muuzaji wa promo hauzi kwa kuwa boti imemchosha au ina ugonjwa, anauza kwa kuwa kalenda inamsukuma. Mara nyingi boti ile iko kwenye mkopo wake mwenyewe na ya mwaka mpya iko njiani. Agosti anakuwa mgumu wa bei, Oktoba anaanza kupokea simu zako mlio wa kwanza.

Kwa hiyo swali la shemeji lilikuwa limekaa vibaya tangu mwanzo. Yeye aliweka saa 138 upande mmoja na dola 21,500 upande mwingine akapima. Lakini saa zile ndio kitu chepesi kuliko vyote kwenye meza ile. Kitu kizito kilikuwa tarehe, na hakuna aliyekuwa amezisoma.

Tarehe ya kwanza ipo kwenye boti yenyewe. Boti zinazouzwa Marekani zina namba ya bodi yenye herufi na tarakimu 12, imechongwa nyuma kwenye shetri, upande wa kulia, juu. Wengi wanaipiga picha kwa ajili ya bima halafu basi. Zile nne za mwisho ndizo zinazoongea. Ya promo ilikuwa inaishia K324. Herufi ni mwezi wa kutengenezwa, A ni Januari unahesabu mpaka L ambayo ni Desemba, kwa hiyo K ni Novemba, 3 ni mwaka 2023, na 24 ni mwaka wa modeli. Sasa ona, ile ya kuagiza itakuwa modeli ya 2025. Shemeji alikuwa analinganisha boti ya 2024 na boti ya 2025 akidhani tofauti ni saa tu! Siku atakayoiuza, mnunuzi hatamuuliza uliinunua lini, atauliza ni ya mwaka gani. Tulikaa usiku mmoja tukapitia matangazo ya boti za umbo moja zilizopishana mwaka mmoja wa modeli, za miaka mitano sita nyuma, na kwa makadirio yetu mwaka ule mmoja ulikuwa unakula kama dola 6,000. Haya, toa hizo kwanza kwenye ile elfu ishirini na moja na nusu, tayari furaha imepungua.

Tarehe ya pili ndiyo iliyotaka kutuumiza. Muuzaji, yule mtu wa promo, alisema kwa mdomo na kwenye ujumbe kwamba boti ina waranti "kama mpya". Shemeji akafurahi, akaniambia ina waranti kamili. Nikamuuliza, waranti imeanza kuhesabiwa lini? Kimya. Sasa hapa naomba tuelewane vizuri kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia bila kujua. Neno "ina waranti" halina maana yoyote mpaka ujue vitu viwili, siku ilipoanza na jina lililoandikwa. Kuna mipango ambayo boti ya promo haisajiliwi kwenye mfumo wa waranti mpaka iuzwe kwa mtu wa mwisho, hapo kweli unapata yote kana kwamba imetoka jana. Kuna mingine inaanza kuhesabu siku mtu wa promo alipoichukua pale dila. Na huwezi kukisia, wala muuzaji mwenyewe wakati mwingine hajui, anasema alichoambiwa. Dawa ni moja, mwambie dila aingize ile namba ya bodi kwenye mfumo wa kiwanda akuchapishie ukurasa unaoonyesha tarehe. Dila wetu alizungusha siku tatu, ooh nitakutumia, ooh mhusika hayupo, mpaka shemeji alipomwambia bila karatasi ile hakuna kianzio. Ikaja ndani ya saa moja. Waranti ilianza Januari 2024. Miezi tisa ilikuwa imeshaliwa.

Sikusema muuzaji alikuwa mwongo, na mpaka leo siamini kama alidanganya kwa makusudi. Lakini "kama mpya" na "miezi tisa imepita" ni vitu viwili tofauti na tofauti ile ina bei.

Jina nalo. Boti ikitoka kiwandani inakuja na cheti cha mtengenezaji, na kama mtu wa promo hajaandikisha umiliki jimboni kwake, cheti kile kinaweza kupita kutoka kwa dila kwenda kwako moja kwa moja, unakuwa mmiliki wa kwanza kwenye makaratasi hata kama boti ina saa 138. Kama ameshaandikisha kwa jina lake, wewe ni wa pili, na benki inaweza kuitazama kama boti iliyotumika, riba ikapanda kidogo, na waranti ikahitaji kuhamishwa rasmi ndani ya muda fulani baada ya mauzo, ukichelewa imekula kwako. Yetu ilikuwa bado kwenye cheti, haijaandikishwa. Hiyo ilikuwa habari njema ya kwanza wiki ile nzima.

Sasa twende kwenye saa zenyewe, maana najua watu wanataka kusikia hilo. Boti ya saa 138 kwa mwaka mmoja inaonekana imekimbizwa, familia ya kawaida inapiga saa 50, 60, labda 80. Lakini fikiria kazi ya boti ya mashindano. Njia ya slalomu ina urefu wa mita 259 na maboya sita ya kuzungukwa, kwa kilomita 55 kwa saa boti inaipita kwa sekunde 16.95, kwa kilomita 58 ambayo ndiyo spidi ya juu ya wanaume ni sekunde 16.08. Sekunde kumi na saba! Kabla yake kuna kumvuta mtu atoke majini, baada yake kuna kushuka, kuzunguka, kusubiri mawimbi yalale, kusubiri jaji, kufupisha kamba, mtu akianguka unamrudia polepole. Injini inaunguruma muda wote huo na saa inahesabu. Na ile kazi yenyewe ya kuvuta, spidi inashikwa na mfumo wa GPS, si mguu wa mtu, kwa hiyo injini haipigwi piga kiholela kama mtu anayeshindana na pikipiki za maji. Mimi binafsi, kwa roho safi, nachukua boti ya saa 138 iliyoendeshwa na dereva wa mashindano kuliko ya saa 60 iliyoendeshwa na kila mgeni aliyekuja kwenye bethdei.

Ila hilo ni imani, na kwa dola laki na kitu imani haitoshi. Kwa hiyo tulimchukua fundi wa injini za majini ambaye hana uhusiano na dila, mzee mmoja mtulivu sana, akaja na laptopu yake jumamosi alfajiri boti ikiwa bado kwenye trela. Kompyuta ya injini inatunza kumbukumbu, inaandika injini imekaa saa ngapi kwenye mzunguko upi. Dashibodi ilisema 138, kompyuta ikasema 141, tofauti ndogo kama hiyo haisumbui, ungeanza kushtuka kama dashibodi ni 138 na kompyuta 240. Halafu mgawanyo wenyewe, nilikaa pembeni yake nikaangalia kioo kwa macho yangu. Saa 58 zilikuwa chini ya RPM 1,000 (mizunguko ya injini kwa dakika), yani boti inaelea tu au inatambaa. Saa 64 zilikuwa kati ya 3,000 na 3,600, hiyo ndiyo spidi ya kuvuta mtu wa slalomu. Juu ya 5,000 haikufika hata saa moja. Mzee akagonga kioo kwa kidole, akasema aliyeendesha hii alikuwa kazini.

Halafu akashuka chini kidogo kwenye orodha ya hitilafu akanyamaza. Kulikuwa na alama moja ya injini kupata joto kupita kiasi, imeandikwa saa ya 37.

Hapo nilimwona shemeji akikunja mikono. Muuzaji alikuwepo, na nampa heshima yake, hakusita, alisema ndiyo, nakumbuka, mfuko wa plastiki ulinaswa pale boti inapovutia maji ya kupoozea, kengele ikalia, nikazima ndani ya sekunde chache, nikavutwa mpaka ufukweni. Akatoa risiti ya saa 38, impela mpya, kile kigurudumu chenye mabawa kinachosukuma maji ndani ya pampu. Maelezo yanakaa vizuri, tarehe zinafuatana. Lakini maelezo mazuri si kipimo. Mzee akasema kama ningekuta kumbukumbu safi nisingefungua plagi hata moja, kwa injini ya saa hizi ni kupoteza muda, lakini kwa alama hii napima kompresheni, yani nguvu ya mgandamizo, ya silinda zote nane. Ikachukua sehemu kubwa ya asubuhi. Zilipishana chini ya asilimia 5 kutoka ya juu mpaka ya chini. Akafungua pampu, impela nzima, mabawa yote yapo, maana likikatika bawa moja huwa linaenda kukaa mbele kwenye njia ya maji na kuziba taratibu, joto linakuja kurudi baada ya miezi. Akaangalia kwenye bolti za manifodi ya ekzosi, pale moshi unapotokea kwenye injini, kama kuna ule ungaunga mweupe wa chumvi, kwa sababu Florida ziwa na bahari viko jirani na boti ya mashindano inasafiri, hakuna. Oili ilikuwa imemwagwa saa ya 24, ya 71 na ya 120, risiti zote zipo. Ile ya kwanza ndiyo ninayoijali sana, kwa sababu oili ya kwanza ya injini mpya ndiyo inayobeba vumbi la chuma la kuzoeana kwa vyuma, na mtu anayenunua boti mpya anaweza kuwa ndiye anayeichelewesha kwa sababu wikiendi zimejaa watoto.

Hili nalo watu hawalisemi. Boti mpya saa zake za kwanza kumi na kitu ndizo zinazotaka mkono wa adabu, usiikalishe spidi moja muda mrefu, usiifungulie yote, kagua bolti, kagua oili. Kwenye promo unamkuta mtu ameshaifanya kazi hiyo na kitabu chake anacho. Na zile kero ndogondogo za kiwandani, waya uliolegea, skrini inayoganda, mpira wa dirisha unaopiga kelele, zilishajitokeza na kurekebishwa yeye akiwa ndiye anayeenda na kurudi kwa dila. Yetu ilikuwa imebadilishiwa skrini ya dashibodi mwezi wa tatu. Mwenye boti mpya angepoteza wiki mbili za msimu kwa hilo.

Kwenye maji ilikuwa nzuri sana, nakiri nilitaka kuipenda. Tulimweka mtoto mkubwa wa shemeji nyuma, kilomita 55, kamba mita 16, maji kioo. Boti haikuyumba alipoivuta, spidi ilirudi mahali pake kabla sijaangalia, mawimbi ya nyuma madogo mpaka anayavuka bila kupiga goti. Niliposimama kwenye kona nikasikia mtikiso mdogo chini ya miguu, si mkubwa, kama simu inayotetemeka mfukoni. Tukaipandisha, nikapitisha ukucha kwenye kingo za propela, bawa moja lina kidonda kidogo ambacho kwa jicho unakipita. Shafti nikaishika karibu na propela nikaitikisa juu chini, imekaa, haina mchezo. Kwa hiyo ni propela tu, na propela inatoka na kurudi, hiyo ni dola 650 za kubadilisha, si ugonjwa.

Trela sasa. Nasema hili kwa herufi kubwa moyoni: kwenye boti ya promo, kitu kilichochoka ni trela. Watu wanazunguka boti nusu siku na tochi halafu trela wanaliangalia kama meza ya kuwekea. Boti ya mashindano inalala barabarani, kila wiki ziwa jipya, jimbo jipya, na yule mtu wa promo yuko makini na jelkoti, lile ganda la rangi la nje ya boti, inayong'aa maana ndiyo inayomuuzia. Tairi nne zote zilikuwa zimeliwa upande wa ndani, mbili unaona nyuzi zinataka kutokea. Beringi za gurudumu moja zilikuwa na grisi iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, yani maji yameingia. Tairi hizo ndizo zilikuwa zinakuja kutupasukia kwenye barabara kuu ya I-4 na boti ya laki na ishirini juu yake. Tulikadiria dola 800 tairi na beringi.

Tukarudi mezani na hesabu mpya. Kutoka kwenye 21,500 ya mwanzo, toa 6,000 za mwaka wa modeli, toa 1,500 ambazo shemeji aliziweka kwa miezi tisa ya waranti iliyokwenda (mimi ningeweka zaidi, lakini pesa ni yake), toa 800 za trela na 650 za propela. Zinabaki 12,550. Na hapo nilimwambia wazi, shem, kwa bei hii mimi ningeagiza mpya. Hiyo haifiki hata asilimia 9 ya bei ya boti mpya, na kwa chini ya asilimia 10 sioni kwa nini uache rangi yako, modeli ya mwaka mpya na waranti inayoanza na wewe. Chini ya hapo promo inakuwa ni haraka tu, si nafuu.

Alinyamaza muda mrefu. Dada yangu ndiye aliyevunja ukimya, akasema basi waambieni hivyo hivyo mlivyoniambia mimi, wapeni karatasi.

Ndivyo ilivyokuwa. Hatukubembeleza wala kutukana boti ya mtu. Shemeji alimtumia dila na muuzaji ukurasa mmoja, tarehe ya waranti, picha za tairi, propela, ile alama ya saa ya 37 pamoja na matokeo ya kompresheni ili waone hatufichi hata mazuri, na mwisho bei yetu, 117,000. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Septemba. Siku mbili hakuna jibu, ya tatu wakakubali. Sasa tofauti ya bei imekuwa 25,000, na kodi ya mauzo ya Florida ni asilimia 6, kwa hiyo kwenye ile 25,000 anaokoa na 1,500 ya kodi juu yake. Toa zile 8,950 za upungufu, inabaki 17,550 halisi, kama asilimia 12 ya boti mpya. Hapo nikasema sawa, chukua.

Kuna mmoja wa zile familia mbili ambaye alikataa mpaka dakika ya mwisho na hoja yake haikuwa mbaya. Alisema tuagize mpya, tuiskii mwaka mmoja, tuiuze ikiwa bado safi. Mimi sikubaliani na sababu ni hii. Kila vuli boti za promo zinamiminika sokoni kwa pamoja, safi, zina risiti, nyingine waranti yake haijaanza hata kuhesabiwa, na wauzaji wake walinunua kwa bei ambayo wewe huwezi kuipata. Mtu binafsi anayeuza boti ya mwaka mmoja anasimama sokoni pembeni ya hizo. Atashusha mpaka afike bei ya promo au akae nayo mpaka masika. Mpya inamfaa anayekaa nayo miaka, mwenye familia inayotaka rangi na viti fulani na atavitumia mpaka vichakae, au anayehitaji waranti ndefu kwa sababu hana fundi karibu. Kwa wanaokaa miaka mitano na kupiga saa 90 kwa mwaka kama hawa, zile saa 138 za mwanzo zinamezwa, boti itauzwa ina saa mia tano na tisini badala ya mia nne na hamsini, na mnunuzi wa siku hiyo ataangalia zaidi viti na kitabu cha sevisi. Bado namheshimu jamaa yule kwa sababu ndiye aliyetulazimisha tuhesabu mara ya pili.

Rangi lakini, tuseme ukweli, shemeji hakuipenda. Nyekundu na nyeusi, na yeye alitaka nyeupe tupu. Promo huchaguliwa rangi ya kuonekana kwenye picha kutoka ng'ambo ya ziwa. Mwezi mzima alikuwa anaiita boti ya zimamoto.

Makaratasi yalikamilika tarehe 3 Oktoba na bima ikakatwa siku ileile, hilo nilimsukuma mno kwa sababu kimbunga kikishapewa jina na kinakuja upande wenu makampuni ya bima husimamisha kukata bima mpya, na tarehe 9 usiku kimbunga Milton kikaingia pwani kikapita katikati ya Florida. Boti ilikuwa gereji, kwenye trela lenye tairi mpya nne.

Sasa ukifungua kifuniko cha injini utakuta kipande cha plasta nyeupe na mwandiko wa shemeji kwa maka peni. Mstari wa kwanza, "Waranti: Januari 2024." Wa pili, "Oili: saa 170." Juzi nilipoizima ilikuwa 163, nikampigia aagize filta.